Hatukukutana

Wakili alimuuliza Verna Haugen:
mlikutana wapi?
Akatazama glasi ya maji, akamtazama karani
aliyekuwa amesimamisha vidole juu ya vibonyezo.
Hatukukutana, akasema.

Na kweli hawakukutana.
Hapakuwa na chumba cha nyuma hotelini,
wala karatasi iliyopitishwa chini ya meza,
wala wanaume watano wakipeana mikono
juu ya bei ya kulala kwa watu wengine.
Pafukapo moshi pana moto,
na sheria imezeeka ikinusa moshi.
Huu uliwaka bila kufuka.

Miaka kumi na tisa Verna amepangisha vyumba
katika jengo la matofali mekundu, mjini Duluth,
ambako Januari theluji hufika kwenye vitasa vya milango
na hakuna anayehama kwa hiari.
Alikuwa na daftari.
Chumba kikikaa kitupu wiki tatu, alipunguza dola arobaini.
Kikimaliza mwezi, themanini,
na kahawa ya moto kwa yeyote aliyekuja kutazama tu.
Ng'ambo ya barabara, Pekka Lahtinen
akiliona bango lake, naye alishusha hamsini,
kwa ukaidi, si kwa huruma.
Walichukiana kwa adabu,
na wapangaji waliishi ndani ya chuki ile
kama mimea iliyoota kwenye ufa wa ukuta.

Kisha ikaja programu.
Kila alfajiri namba mpya, na duara la kijani: Kubali.
Ukikataa, kinafunguka kisanduku: Eleza sababu.
Siku ya kwanza aliandika: Baridi.
Siku ya pili: Mama huyu ana mtoto mchanga.
Siku ya tatu simu ikaita kutoka makao makuu,
sauti ya kijana, ya upole mno:
Verna, baridi si sababu.

Ng'ambo, Pekka naye alikuwa akibonyeza duara lake.
Kila mmoja alimwaga siri zake katika kisima kilekile,
nani kahama, nani kachelewesha kodi, mlango upi haugongwi,
kisha akachota namba
na kuiita yake.

Vyumba sita vilikaa vitupu hadi barafu ikayeyuka,
taa za korido zikimulika zulia lisilokanyagwa,
na bei bado ilipanda.

Teodoro Baca, mwoka mikate wa usiku,
alishuka na barua ya nyongeza: dola mia mbili na kumi.
Basi nahamia kwa Pekka, alisema.
Verna alimwona dirishani akivuka, unga bado kwenye nyusi.
Dakika kumi na moja.
Aliporudi hakusema neno.
Aliomba kalamu.

Mawakili wa kampuni walisema mashine ilishauri tu,
na ushauri si amri, na kila mtu alikuwa na kidole chake.
Mtaalamu wao akaonyesha ukutani mistari miwili
ikipanda bega kwa bega miaka minne.
Sambamba, alisema, si sawa na pamoja.
Jaji aliandika hilo.
Verna alitaka kueleza habari ya zile hamsini,
lakini hakuna aliyemuuliza.

Wakati wa mapumziko, kwenye mashine ya kahawa,
mzee mrefu alikuwa akihangaika na sarafu.
Walikuwa wamepungiana mikono miaka kumi na tisa
na hawakuwahi kusikiana sauti.

Themanini yako, alisema Pekka bila kugeuka,
mwaka ule wa theluji kubwa. Iliniuma.

Nilijua, alisema Verna. Ndiyo maana
wiki iliyofuata niliongeza ikawa mia.

Akacheka, kahawa ikamwagika kwenye kiatu,
na askari wa mahakama akaja haraka, kiganja juu:
mashahidi, tafadhali,
hamruhusiwi kuzungumza.